KUFUNDISHA UCHUNGUZI WA HITILAFU: INJINI YA MASHUA INAYOLEGEA IKIPATA MZIGO

Mwalimu wa ufundi hukabiliwa na kishawishi kikubwa cha kuwafundisha wanafunzi kufungua mashine kabla hawajajua kuichunguza. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi hitilafu moja wanayoifahamu sana wavuvi inavyoweza kufundishia utaratibu wa uchunguzi. Injini ya petroli inayopachikwa nyuma ya mashua huwaka na kunguruma vizuri ufukoni. Lakini mashua ikishapakiwa watu na nyavu, na nahodha akaongeza mafuta hadi mwisho, injini hulegea au huzimika.

Kosa letu

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu. Wavuvi walituletea injini ya namna hiyo, yenye nguvu farasi 15 na silinda mbili. Wanafunzi walifungua kabureta, wakaisafisha, kisha wakaijaribu injini ndani ya pipa la maji kwa kutumia tangi la karakana. Ilinguruma vyema, nasi tukaipasisha. Kesho yake ilizimika nje ya mwamba, upepo wa kusi ukivuma, na wavuvi wakahangaika na makasia hadi chombo kingine kilipowakokota.

Kabureta haikuwa na kosa. Parafujo ya tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi lao ilikuwa imeshikwa na kutu, na tundu limefungika. Petroli ilipotoka, hewa haikuingia kujaza nafasi yake, na baada ya muda pampu ikashindwa kuvuta. Tangi hilo hatukuwa tumeliomba hata kuliona.

Kwa nini pipa lilitudanganya

Hapa mwalimu wa ufundi ashirikiane na mwalimu wa hisabati. Nguvu inayohitajiwa kuzungusha rafadha huongezeka takribani kwa kipeo cha tatu cha mizunguko yake. Mizunguko ikiongezeka mara 2, nguvu inayohitajiwa huongezeka kama mara 8. Kwa hiyo injini ya nguvu farasi 15 ikizunguka kwa nusu ya kasi yake hutumia karibu nguvu farasi 2 tu. Nguvu hiyo ndogo huweza kutolewa hata na injini inayopata mafuta haba au yenye silinda moja inayosuasua. Ugonjwa hujitokeza pale tu injini inapodaiwa nguvu zake zote, jambo ambalo pipa haliwezi kulidai.

Swali la kwanza

Kabla ya kushika spana, wanafunzi wajibu swali hili: nguvu zinapopotea, mizunguko ya injini hupanda au hushuka?

Ikiwa injini inapiga kelele kwa kasi huku mashua ikipunguza mwendo, kosa litafutwe kwenye rafadha. Huenda mpira ulio katikati yake unateleza, mapanga yamepinda, au injini imepachikwa juu mno na rafadha inavuta hewa. Ikiwa mizunguko inashuka, injini imezidiwa na mzigo, ina joto mno, au inakosa mafuta, cheche ama mgandamizo.

Hatua za uchunguzi

(a) Macho na mikono. Tazameni uzito wa shehena, tundu la hewa la tangi, na kamba au majani yaliyojisokota kwenye rafadha. Tazameni pia maji ya kupoza yanayotoka injini. Yakiwa hafifu, zimeni injini mara moja.

(b) Mafuta. Mimineni petroli ya tangini ndani ya chupa safi ya kioo. Kama ina maji, yatatuama chini. Kisha, injini inapolegea baharini, mwanafunzi mmoja abinye ile pampu ndogo ya mpira iliyo kwenye bomba la mafuta. Injini ikipata nguvu tena, kosa limo katika njia ya kuleta mafuta: chujio, bomba linaloingiza hewa, au pampu ya injini. Isipopata nguvu, wasiiondolee lawama kabureta, kwani vitundu vyake huweza kuziba.

(c) Cheche. Linganisheni plagi mbili. Iliyolowa na kuwa nyeusi huenda inatoka katika silinda isiyochoma. Zibadilisheni mahali. Kosa likihama pamoja na plagi, plagi ni mbovu. Likibaki palepale, chunguzeni waya, koili, na mwishowe mgandamizo.

Kuongoza somo

Kila kikundi kiwe na jedwali la safu tatu: dalili, ubashiri na matokeo. Ubashiri uandikwe kabla ya jaribio, na kitu kimoja tu kibadilishwe kila mara. Mwanafunzi anayebadilisha plagi, petroli na chujio kwa pamoja huenda akaiponya injini, lakini hatajua alichokiponya, na ikiugua tena atakuwa mgeni kama mwanzo.

Mwalimu aweza kutega hitilafu mwenyewe, kwa mfano kwa kufunga tundu la hewa. Jaribio la mzigo lifanywe karibu na pwani katika hali ya bahari tulivu, kila mmoja akiwa amevaa koti la kuokolea, na mashua ikiwa na makasia na nanga. Chombo cha pili kiwe tayari kwa msaada. Petroli imiminwe mbali na moto, na plagi zisipimwe cheche palipo na mvuke wa petroli.

Hitimisho

Somo hili halihitaji zana za gharama. Linahitaji subira ya mwalimu, hasa wanafunzi wanapomsihi awaruhusu kufungua. Nasi, tangu siku ile, hatupokei injini pasipo tangi na bomba lake, wala hatuirudishi kwa wenyewe kabla haijavuta mashua iliyopakiwa, kwa nguvu zote, muda wa nusu saa.