Mbona Breki Mpya Zalia?

Jirani yangu mmoja hapa milimani Usambara anayo pikapu ambayo ndiyo motokaa ya kijiji kizima. Siku za gulio hupakia kabichi, viazi na karoti. Usiku, mtu akizidiwa na ugonjwa, ni gari hilo hilo linaloamshwa kumpeleka hospitali. Basi mwaka jana, baada ya mavuno, jirani huyu aliuza magunia yake akanunua diski mbili mpya za breki za mbele pamoja na pedi zake, maana zile za zamani zilikuwa zimelika sana. Fundi kijana akazifunga mchana mmoja. Siku ya tatu gari likaanza kupiga kelele.

Wala hazikuwa kelele za kuchekea. Kila alipokanyaga breki kwenye kona, sauti kali ilitoka magurudumuni kama nguruwe anayekamatwa, hata watoto wa shule wakaziba masikio. Siku ya gulio mama mmoja mtu mzima alitaka ashushwe kabla ya kufika nusu ya safari. Akasema, "Mwanangu, mimi nakupenda, lakini gari linalolia hivi silipandi. Nitakwenda kwa miguu." Wengine wawili wakamfuata na vikapu vyao. Jirani akarudi nyumbani amenuna, akiamini ya kuwa fundi amemtilia vitu vya bandia akala fedha. Fundi naye akaapa kwamba vitu ni vizima na kazi yake ni safi. Watu wawili waliokuwa marafiki wakawa hawaamkiani.

Wageni wasioijua nchi yetu wataniuliza, kelele tu, ndilo jambo la kugombania? Na waje waione barabara ya kutoka Lushoto kuteremkia Mombo. Kwa mwendo wa kilometa 30 na kidogo barabara hushuka karibu meta 1,000, upande mmoja jabali na upande wa pili korongo. Mtu aliye nyuma ya pikapu, amekalia gunia la viazi, hana kitu kingine cha kutumaini ila breki.

Sasa tuangalie kelele hiyo yatoka wapi. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Dreva akikanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, na pedi mbili huibana ile sahani huku na huku. Pedi haitelezi juu ya diski sawasawa kama mkono juu ya hariri. Hushika ikaachia, ikashika tena ikaachia, mara elfu na zaidi kwa sekunde moja. Mpiga zeze anajua habari hiyo. Upinde wake hushika uzi na kuuachia vivyo hivyo, na uzi ukaimba. Katika motokaa, badala ya uzi, ni diski, pedi na kalipa zinazotetemeka pamoja.

Kwa hiyo breki ikilia si lazima iwe mbovu. Huweza kusimamisha gari vizuri kabisa na huku inalia. Tena kilio hiki kina umri sawa na breki ya diski yenyewe. Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha uvumbuzi wa breki hiyo mwaka 1902, na pedi zake zilikuwa za shaba. Shaba ikisugua chuma, kelele yake haikuvumilika. Baadaye Mwingereza mwenzake, Herbert Frood, akaleta shauri la kuzivika pedi asbesto, na ukelele ukapungua. Lakini asbesto nayo ilikuja kujulikana kuwa adui, maana vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Nataja habari hii kwa sababu mafundi wetu wengi wana desturi ya kupuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa pampu. Wewe hujui pedi ya zamani iliyomo imetengenezwa kwa kitu gani. Lilowanishe vumbi kwa maji, ulipanguse kwa kitambaa, ukitupe.

Turudi kwa jirani. Kijana mmoja pale kijiweni, mwenye nia njema kabisa, alimshauri apake mafuta kidogo juu ya diski, "kama bawaba ya mlango inayolia." Alikwisha kwenda kutafuta kopo. Ndugu zangu, nawasihi, mtu asithubutu kufanya hivyo! Bawaba twataka iteleze, bali breki twataka ishike. Tone la mafuta au grisi kwenye uso wa pedi huzama ndani yake, na mtu akikanyaga breki gurudumu moja litashika na la pili litapitiliza, gari likavutwa upande. Pedi iliyolowa mafuta haifuliwi, hutupwa. Fikiri jambo hilo kwenye kona, watu kumi wamepakiwa, mvua inanyesha.

Bahati njema, kijana alipokuwa anatafuta kopo, jirani alikwenda kumwita mzee mmoja mwenye mvi aliyepata kutengeneza malori miaka mingi. Mzee alikuja na fundi kijana, akamtaka awepo. Hilo nililipenda. Hakugusa spana kwanza. Alifungua mlango, akaona sanduku la pedi bado liko chini ya kiti, akalitikisa. Likalia. Ndani mlikuwa na vibati vidogo vinne na kifuko cha grisi, havijafunguliwa.

"Hivi je, mwanangu?" akamwuliza fundi.

"Shikamoo, mzee. Niliona ni vya ziada."

"Marahaba. Kiwandani hawatii vya ziada."

Vibati hivyo ni vya kuishika pedi mahali pake isicheze, na vile bapa vya nyuma huzuia mtetemo wa pedi usiingie katika pistoni. Visipotiwa, pedi huwa huru kuimba itakavyo. Lakini haikuwa hilo tu. Waliinua gari, wakaliegemeza juu ya magogo imara (jeki peke yake huua, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu), wakafungua magurudumu. Mzee akaona mambo matatu mengine.

Kwanza, diski mpya hutoka kiwandani zimepakwa mafuta membamba zisishike kutu njiani. Fundi kijana alizipangusa kwa kitambaa tu. Mafuta yale yakachomeka juu ya pedi, uso wake ukawa unang'aa kama kioo. Diski mpya yafaa ioshwe pande zote mbili kwa dawa ya kusafishia breki, na ukikosa dawa hiyo, kwa maji ya moto na sabuni, kisha ikaushwe kabisa, wala isishikwe tena na mikono yenye grisi.

Pili, alipoivua diski, kitovu cha gurudumu inapokaa kilikuwa kimejaa magamba ya kutu. Gamba jembamba kama karatasi latosha kuipinda diski katika mzunguko wake, na dreva hutambua kwa kuwa kanyagio hutetema mguuni. Brashi ya waya na dakika tano zilikuwa zatosha. Tatu, pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake zilikuwa kavu, moja haiendi mbele wala nyuma, kwa hiyo pedi moja ilikuwa inagusa diski daima.

Grisi ya breki si ile ya kawaida. Ni grisi inayostahimili moto mkali na isiyodhuru mpira. Huwekwa kwenye pini, na kidogo sana, kama mtu anayepaka mkate hali siagi ni ya kuazima, kwenye mgongo wa pedi na masikio yake. Kwenye uso wa pedi, hasha. Pedi zenyewe hazikuwa zimezama mafuta mengi, basi mzee akazisugua kwa msasa juu ya jiwe lililo sawa mpaka mng'ao ukatoka, akapunguza kidogo ukali wa kingo zake, akazirudisha pamoja na vile vibati vinne.

Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma. Pedi ikibaki nyembamba, kama milimeta 2 au 3, ulimi hugusa diski na kulia kwa makusudi, ili kumwonya mwenye gari. Pedi ikifungwa kinyume, au ulimi ukipindwa, italia tangu siku ya kwanza. Na kama sauti yasikika hata bila kukanyaga breki, tazama bati la kukinga vumbi lililo nyuma ya diski, maana huenda limepindwa wakati wa kazi. Hurudishwa kwa mkono.

Kabla ya kuwasha gari mzee alimwamuru jirani akanyage breki mara kadhaa akiwa amesimama pale pale. Hili wengi hulisahau. Ukitia pedi mpya, pistoni husukumwa nyuma, na mkanyago wa kwanza huzama mpaka chini bila kushika kitu. Aliyelisahau hulikumbuka akiwa ukutani.

Kisha akawapeleka kwenye kipande cha barabara kilicho sawa, kisicho na watu, akawafundisha jambo ambalo hata fundi kijana hakuwahi kuambiwa, nalo ni kuzifunza breki mpya kazi. Gari likimbie kama kilometa 50 kwa saa, dreva abonyeze breki kwa nguvu ya kadiri mpaka mwendo ushuke karibu kilometa 15, wala asisimame. Aongeze mwendo tena, aziache zipoe kidogo, arudie. Wakafanya hivyo mara kumi, kisha wakatembea mwendo mrefu bila kugusa breki zipate kupoa. Kwa njia hiyo pedi huacha juu ya diski utando mwembamba ulio sawa pande zote. Ukisimamisha gari ghafula breki zikiwa za moto na mpya, ukaendelea kuzikandamiza, utando hukaa doa doa, na kelele hurudi. Jirani yeye aliziteremsha zile breki hadi Mombo siku ya kwanza, gari limejaa viazi, mguu juu ya breki njia nzima! Kuteremka hutakiwa gia ndogo, ili injini nayo isaidie kulishika gari.

Kwa hiyo yule fundi alikuwa na kosa lake, na mwenye gari alikuwa na lake. Mwenye duka, aliyekuwa ametukanwa kuliko wote, hakuwa na kosa. Jirani alimlipa fundi kijana nusu ya fedha aliyokuwa ameizuia, na nusu nyingine juma lililofuata.

Na kelele nyingine ni za kuogopwa. Kukwaruza kama mawe yanayosagwa, maana yake pedi imekwisha na chuma kinakula chuma. Kanyagio kikilegea kama sifongo, au gari likivutwa upande mmoja, au ukiona mafuta ya breki yanavuja, usiseme nitafika tu. Lilaze gari, watu washuke.

Asubuhi za ukungu pikapu yetu hulia bado mara mbili tatu inapotoka uani, kwa sababu umande huacha kutu nyembamba juu ya diski usiku, na mikanyago michache huiondoa. Siku ya gulio yule mama alirudi. Alikuwa hajapanda bado, akamwambia dreva azunguke kanisa mara moja, akanyage breki mbele ya mlango, yeye amesimama pale anasikiliza. Dreva akazunguka. Mama akampa kikapu chake, akaketi kiti cha mbele.