Muulize Prosesa Kwanza

Paukwa! Pakawa!

Alikuwapo kijana mmoja huko Helsinki, nchini Finland, jina lake Linus Torvalds. Mwaka 1991, akiwa na miaka 21 na bado anasoma chuo kikuu, alinunua kompyuta yenye prosesa ya Intel 386. Akatamani kujua prosesa ile ina uwezo gani, akaanza kuiandikia programu. Programu ikakua, ikakua, hadi ikawa kiini cha mfumo wa uendeshaji. Ndiyo hiyo Linux mnayoisikia.

Kiini ni nini? Ndiye nyapara wa kompyuta. Mchezo ukitaka nafasi kwenye kumbukumbu, kivinjari kikitaka kusoma faili, kibodi ikibonyezwa, vyote hupitia kwake. Na kwa kuwa anafanya kazi na prosesa ana kwa ana, hana budi kuzijua amri zake.

Linus alikiandika kiini chake kwa ajili ya 386 tu. Alipokitangaza Agosti 1991, alionya kwamba hakihamishiki kwenda kwenye mashine za aina nyingine. Wapi! Kufikia mwaka 1995 kilikuwa kikiendesha prosesa ya Alpha, isiyo na undugu wowote na 386. Leo kimo ndani ya simu za Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani kwa kasi zinakitumia. Mzee 386 mwenyewe aliachwa njiani: toleo la 3.8, lililotoka mwaka 2013, halimtambui tena.

Lakini msidhani ni faili moja linalozunguka kote huko. Msimbo anaouandika mtu hugeuzwa kwanza kuwa amri za prosesa fulani. Kiini kilichogeuzwa kwa ajili ya Intel hakisogei hata hatua moja kwenye prosesa ya ARM ya simu yako.

Hata ndani ya ukoo mmoja kuna tofauti. Prosesa ya biti 32 hutaja kila sehemu ya kumbukumbu kwa tarakimu 32, kila moja ikiwa 0 au 1. Hesabu yake yote ni anwani 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4 basi. Mwaka 1995 Intel ilitoa Pentium Pro yenye ujanja uitwao PAE, anwani zikafika biti 36 na kumbukumbu gigabaiti 64. Mwaka 2003 AMD ikaleta Opteron ya biti 64, inayoelewa amri mpya bila kusahau za zamani. Intel nayo ikafuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo ukiona kiini kimeandikwa amd64, usikikimbie eti kwa sababu kompyuta yako ni ya Intel. Mradi iwe ya biti 64, ni chako pia.

Utajuaje prosesa yako ni ipi? Kama tayari kuna Linux, fungua terminali uandike lscpu. Mstari wa kwanza hutaja usanifu: x86_64 (jina lingine la amd64), i686 (biti 32) au aarch64 (ARM ya biti 64). Usiishie hapo, tazama na mstari wa pili. Ukisoma i686 juu, kisha chini yake ukakuta imetajwa 32-bit na 64-bit kwa pamoja, ujue prosesa ni ya biti 64 ila imewekewa kiini cha biti 32. Inafanya kazi, lakini chini ya uwezo wake.

Kinyume chake hakiwezekani. Weka kiini cha amd64 kwenye Pentium III uone: kitaikagua prosesa, kitaandika kwamba kinahitaji x86-64 lakini kimekuta i686, kisha kitagoma. Msiogope, hakuna kilichoungua. Tafuteni kiini kinachofaa, muanze upya.

Wenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi wamerahisishiwa. Kadi moja ya mfumo wake wa biti 32 hubeba viini kadhaa: kernel.img cha Pi ya kwanza na Zero, kernel7.img cha Pi 2, na kernel8.img cha biti 64. Kompyuta ikiwaka, yenyewe huchukua kinachoifaa.

Kwingine unachagua mwenyewe. Tuseme unaweka Debian, mmoja wa mifumo inayotumia kiini cha Linux. Prosesa ikiwa ya biti 64 ya Intel au AMD, chukua amd64. Ikiwa ARM ya biti 64, chukua arm64. Ikiwa ni ya Intel au AMD lakini ya biti 32 pekee, tafuta neno pae kwenye orodha ya sifa zake: likiwepo, chukua 686-pae, lisipokuwepo, kama kwenye baadhi ya Pentium M za mwanzo, chukua 686 tupu. Wenye prosesa za aina hizi mbili za mwisho wawahi Debian 12, maana Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haitengenezi tena kiini cha kompyuta zao. Toleo jipya ni zuri, mradi prosesa yako iwe imo kwenye orodha ya waalikwa.