Kabla ya kununua tandiko la farasi Nairobi

Unapanga kwenda kumsalimu shangazi Nairobi, na kwenu Gilgil mna farasi? Basi safari moja ifanye kazi tatu. Mkono mtupu haulambwi, kwa hivyo mbebee shangazi viazi. Lakini kabla hujaondoka, kunja waya laini juu ya mgongo wa farasi wenu, nyuma tu ya mabega, kisha uchore umbo hilo kwenye karatasi. Itakufaa.

Jumapili ikiwa na mashindano, pitia uwanja wa Ngong, ambako mbio za farasi zimekuwepo tangu mwaka wa 1954. Usikimbilie kuweka dau. Kama hujatimiza miaka 18, sheria haikuruhusu, na hata ukiwa umetimiza, nauli ya kurudi si ya kuchezea! Simama pale farasi wanapozungushwa kabla ya mbio, utazame wanavyotembea na wanavyoshikwa hatamu. Somo hilo ni la bure.

Sasa tandiko. La mtumba ni nafuu, lakini lishike mbele na nyuma, ulibane. Likikunjika katikati au likilialia ndani, fremu imevunjika, achana nalo. Vuta pia mikanda inayoshika mshipi wa tumboni, maana uzi ukikatika hapo, utakayeanguka ni wewe. Mwisho, lilinganishe na ile karatasi yako. Tandiko lisilomtosha farasi humchubua, naye hana mdomo wa kulalamika.

Muuzaji akikuharakisha je? Mwambie unaenda kwanza kushauriana na shangazi.