Magunia Matatu ya Maharage na Amplifaya ya Gitaa

Mwaka jana, baada ya watu kuuza maharage, mtoto wa dada yangu alinijia jioni nikiwa nimekaa uani. Akanipa shikamoo, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mjomba, naomba kesho tufuatane mjini. Nimeona amplifaya ya gitaa langu."

Gitaa lenyewe, gitaa la umeme lililokwisha tumika, alikuwa nalo miezi minane. Muda wote huo alilipigia chumbani bila kuunganisha na kitu chochote, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayekuna kopo kwa ukucha. Fedha alizokuwa nazo zilikuwa za magunia matatu ya maharage. Mawili yalikuwa yake. La tatu lilikuwa la mama yake, naye alimpa kwa sharti moja: kitakachobaki kirudi nyumbani kinunue mbolea.

Basi tukaenda. Dukani tukaonyeshwa sanduku kubwa jeusi, refu kupita kiuno changu, lenye taa za rangi zinazowaka na kuzimika, na mbele yake limeandikwa kwa tarakimu kubwa: wati 1000. Bei yake ilimeza magunia yote matatu. Kijana macho yakamtoka. Mimi nikamwomba muuzaji aligeuze sanduku tuone mgongo wake. Mgongoni palikuwa na kibandiko kidogo kinachosema kwamba sanduku lile hutumia umeme wa wati 60.

Msomaji, debe la lita 20 haliwezi kutoa maji ya lita 300. Chombo kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa sauti ya wati 1000 kwa kuendelea. Hata hizo 60 hakizitoi zote, maana sehemu moja hupotea kuwa joto. Namba kubwa zinazoandikwa mbele ya masanduku ya namna hiyo, mara nyingi pamoja na herufi P.M.P.O., ni za kuvutia macho tu. Namba inayofaa kuulizwa ni ile yenye herufi RMS, yaani nguvu ambayo chombo chaweza kuishikilia muda wote. Ikiwa haikuandikwa, soma kibandiko cha mgongoni, kisha uamini chini ya hapo.

Tukatoka nje tukanywa chai. Kijana alikuwa amenuna. Nikaona afadhali nimweleze tangu mwanzo, na hayo niliyomweleza ndiyo nayaandika hapa, kwa kuwa najua wapo wazazi wengi wanaoombwa fedha kwa jambo hili nao hawajui waulize nini.

Gitaa la kawaida lina tumbo la mbao, na tumbo hilo ndilo linalokuza sauti ya nyuzi. Gitaa la umeme kwa kawaida halina tumbo. Ni ubao mzima. Chini ya nyuzi zake pana sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo mno huzaliwa katika waya ule. Mafundi hukiita kifaa hicho pikapu, wala si gari. Umeme huo ni dhaifu, hauwezi kuisukuma spika; kwa hiyo yapasa kuwe na chombo cha kuuongezea nguvu, nacho ndicho amplifaya.

Vijana wengi hujaribu kwanza kuchomeka gitaa katika redio ya nyumbani. Sauti hutoka, lakini ni sauti mbovu. Redio haikutengenezwa kupokea umeme dhaifu wa pikapu, na spika zake ndogo hutoa mikwaruzo yote ambayo spika ya gitaa huificha. Tena mpigo mzito wa uzi wa chini waweza kuipasua spika ya redio. Hapo mtakuwa hamna gitaa wala taarifa ya habari.

Sasa tuje kwenye wati, maana hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea. Sikio la binadamu halihesabu kama mfanyabiashara. Ukitoka wati 10 kwenda wati 20 umelipa zaidi, lakini sikio litasema tu kwamba sauti imeongezeka kidogo. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa maradufu, yataka wati ziongezwe karibu mara kumi, yaani kutoka 10 hadi 100. Kwa mtu mwenye fedha kidogo, kukimbilia wati ni kununua kitu ghali kwa faida ndogo.

Kinachotoa sauti ni spika, nayo husahauliwa. Sanduku dogo lenye spika ya inchi 5 au 6 huwa na sauti nyembamba, ya puani. Spika ya inchi 8 hufaa kwa kujifunzia. Ya inchi 10 au 12 hutoa sauti pana ambayo mtu aliyesimama nyuma ya ukumbi huisikia kuwa ni gitaa kweli. Tena spika hazilingani katika kazi. Watengenezaji huzipima kwa namba ya desibeli, na ukikuta moja imepimwa 97 na nyingine 100, jua kwamba hiyo ya pili, kwa umeme uleule, inatoa sauti sawa na ya kwanza iliyoongezewa wati maradufu. Ongezeko hilo hukulitilia umeme zaidi hata kidogo.

Mwaka 1965 Beatles wa Uingereza walipiga muziki katika uwanja wa Shea, mjini New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Kampuni ya Vox ilikuwa imewatengenezea amplifaya za wati 100, ambazo kwa siku zile zilikuwa kubwa mno. Hata hivyo makelele ya watazamaji yaliwashinda, na wapigaji wenyewe hawakusikia vizuri wanachopiga. Siku hizi hata bendi kubwa hazitegemei amplifaya peke yake. Huweka maikrofoni mbele ya spika yake, na sauti ikapelekwa katika vyombo vikubwa vya ukumbi. Basi ikiwa kwaya yenu au kijiji chenu kina vipaza sauti vya kuhutubia, amplifaya ndogo yenye sauti nzuri inatosha hata arusini. Kazi yake ni kutoa sauti njema. Kuifikisha mbali ni kazi ya vile vingine.

Ujanani mimi nilipiga rithimu katika bendi ndogo, na vyombo havikuwa vyetu. Ndivyo ilivyokuwa nchini Tanzania kwa bendi nyingi: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji walikuwa waajiriwa. Mwenye vyombo ndiye aliyechagua amplifaya, naye ndiye aliyelipa fundi. Kijana wa leo anachagua mwenyewe, analipa mwenyewe, na likiharibika ni shauri lake. Kwa sababu hiyo yafaa awe mkali kuliko sisi.

Swali la kwanza alilopaswa kujiuliza mpwa wangu ni hili: umeme utatoka wapi? Nyumbani kwao wana sola yenye betri ya volti 12 na uwezo wa ampea 50 kwa saa. Betri kama hiyo ina akiba ya wati 600 kwa saa, lakini betri ya asidi haipendi kukamuliwa kupita nusu, kwa hiyo zinabaki 300. Amplifaya ya transista inayokula wati 40, ukijumlisha na upotevu wa inveta, itachukua kama wati 50. Hesabu yake ni saa sita za kupiga, bila kuwasha taa wala kuchaji simu za jirani. Sanduku kubwa la dukani lingekula akiba hiyo upesi zaidi, na watoto wangekosa mwanga wa kusomea.

Wako wanaosifu amplifaya za vali, zile zenye chupa za kioo ndani zinazong'aa kama redio za zamani. Sauti yake ni tamu, sikatai. Lakini chupa hizo hula umeme hata gitaa likinyamaza, ni nzito, haziipendi barabara yetu, na zikifa kuzipata ni safari. Tena ndani yake mna umeme wa volti 300 na zaidi, ambao waweza kubaki hata baada ya kuzima na kuchomoa. Kwa fedha kidogo na kwa kijijini, nunua ya transista. Fundi wa redio aliye mwangalifu aweza kuitengeneza, hasa ikiwa haina madoido mengi ya kubadili sauti.

Asiye na umeme kabisa naye hakusahauliwa. Zipo ndogo za betri. Roland hutengeneza moja iitwayo Micro Cube, inayotumia betri sita ndogo kama zile za rimoti. Haiwezi kushindana na ngoma, lakini ni rafiki wa kujifunzia, na ina tundu la visikizio vya masikioni. Mama mwenye kitoto kichanga atashukuru.

Wazazi, hapa nisikilizeni vizuri. Mwezi wa Mei mwaka 1972, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskoti, alikufa jukwaani huko Swansea alipogusa maikrofoni huku ameshika gitaa lake. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na chuma cha amplifaya. Maikrofoni imeunganishwa na chombo kingine. Chombo kimoja kikiwa kibovu, na waya wa ardhi, ule ambao mafundi huuita ethi, haupo, umeme hupita katika mwili wa mtu aliyevishika vyote viwili. Kwa hiyo plagi ya amplifaya iwe na njia zote tatu, na soketi nayo iwe na ethi ya kweli iliyokwenda chini ardhini. Msimruhusu mtu yeyote kukata waya huo eti kuondoa mvumo. Mvumo una dawa nyingine. Na mvua ikianza kunyesha penye muziki wa nje, zimeni kwanza, halafu ndipo mvibebe vyombo.

Jambo lingine la kutazamwa mgongoni ni volti. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Vitu vilivyotumika Japani ni vya volti 100, na vya Marekani ni 120. Ukikichomeka kimoja bila transfoma ya kupunguza, utaona moshi kabla ya kusikia muziki.

Baada ya chai tukaenda kwa fundi mmoja anayeuza vyombo vilivyotumika. Nilimwambia kijana achomeke gitaa lake mwenyewe, kwa waya wake mwenyewe, apige mwenyewe. Maana muuzaji akikupigia yeye, unanunua vidole vyake. Kwanza akapiga polepole, sauti ndogo, uzi mmoja mmoja. Kisha tukapandisha mpaka juu, akapiga uzi mnene, tukasikiliza kama spika inapapatika. Tukazungusha kila kifundo tusikie kama kinakwaruza. Kifundo kikikwaruza si ugonjwa mkubwa, kinasafishwa. Karatasi ya spika iliyochanika, harufu ya kuungua, au mvumo mkubwa gitaa likiwa limenyamaza, hayo ni ya kukimbiwa, au angalau ya kupunguziwa bei sana.

Zilikuwapo mbili. Moja mpya mpya ya kung'aa, wati 30, spika ya inchi 8. Nyingine kuukuu, pembe zake zimechubuka, wati 20, spika ya inchi 10. Nilimwambia ageuke asizitazame, nami nikambadilishia. Mara zote tatu alichagua ile kuukuu. Alipogeuka na kuiona, akacheka kwa aibu.

Bei ilikuwa ya gunia moja na robo. Fundi akabadili plagi iliyokuwa na njia mbili tu, akaunga waya wa ardhi mbele ya macho yetu. Tukaongeza waya mzuri wa gitaa, maana waya mbovu hukata sauti katikati ya wimbo, na fyuzi mbili za akiba za kipimo kilichoandikwa mgongoni. Gunia la dada yangu likarudi zima, pamoja na fedha kidogo juu yake.

Nyumbani tulifanya jambo moja la bure. Kijana aliiweka sakafuni, akalalamika kwamba haisikiki. Nikamwambia aipandishe juu ya kiti na kuilaza nyuma kidogo ili spika imtazame usoni. Sauti iliyokuwa ikipiga magoti yake ikamfika masikioni, naye mwenyewe akapunguza volyumu.

Sasa wanapiga watatu kwenye arusi za jirani, maikrofoni ya kijiji ikiwa mbele ya spika. Mpiga besi aliomba achomeke naye katika amplifaya hiyohiyo. Tulimkatalia, kwa sababu sauti nzito za besi zingeichana spika ya inchi 10 kabla ya bwana arusi kuingia. Naye amelima nusu eka ya maharage mwaka huu.