Nguvu na Maarifa katika Mieleka: Je, Mwanamke Aweza Kumwangusha Mwanamume?

Somo la redio kwa watu wazima, kama lilivyosomwa

Juma lililopita tulizungumza juu ya mtaimbo, tukaona jinsi mtu mmoja awezavyo kuling'oa jiwe lililowashinda watu watatu. Mwisho wa somo niliwaachia swali la kuzungumza katika vikundi vyenu: Katika mieleka, kishindacho ni nguvu au ni maarifa?

Naona swali hilo limewasha moto. Katika kikundi kimoja wanaume walikaa upande mmoja wa chumba na wanawake upande wa pili, na barua waliyoleta ina majibu mawili yanayopingana, kila moja limeandikwa kwa mwandiko wake. Wanaume wasema ni nguvu. Hata mwanamke awe na misuli kama mchukuzi wa bandarini, mwanamume atambwaga. Wanawake wasema ni maarifa. Mwanamke aliyefundishwa vema humwangusha mwanamume yeyote. Chini kabisa ya barua, baba mmoja ameongeza maneno machache: ana binti mwenye nguvu, ambaye ataka kuingia katika chama cha judo ambamo wengi ni wavulana, naye ataka kujua kama atajifunza kitu au atavunjwa mkono bure. Mzazi huyo astahili jibu la kweli, wala si la kumpendeza yeye au kuupendeza upande wowote wa chumba.

Tuanze na nguvu, maana hesabu yake ni wazi. Nguvu ya mtu imo katika misuli, na msuli huvuta kwa kadiri ya unene wake. Ukichukua msuli wa mwanamke na msuli wa mwanamume wenye unene ulio sawa, huvuta karibu sawasawa. Tofauti imo katika wingi. Mvulana apatapo kubalehe, mwili wake hutoa kwa wingi homoni iitwayo testosteroni, nayo humwongezea misuli, hasa ya mabega, kifua na mikono. Katika uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 1993, nguvu za wanawake katika mikono na mabega zilionekana kuwa kama 52 katika kila 100 za wanaume, na katika miguu kama 66. Tafadhali itieni alama hesabu hiyo ya miguu, tutairudia.

Mtasema: hao ni wanawake wa kawaida, sisi twauliza juu ya mwanamke mwenye misuli. Haya. Mwanamke akiinua vyuma, misuli yake hukua kweli, na wapo wanawake wawezao kuinua mizigo ambayo wengi wetu tuliokaa hapa hatungeisogeza. Lakini mwaka 2007 wataalamu wa Ujerumani walitangaza uchunguzi juu ya nguvu za kushika, yaani kukikaza kwa mkono chombo cha kupimia. Walipima vijana wa kiume zaidi ya 1,600, vijana wa kike zaidi ya 500, na tena wanawake 60 wanamichezo hodari wa michezo inayotaka mkono wenye nguvu, kama judo. Waliona kwamba hata wanawake hao hodari, pamoja na mazoezi yao yote, ni wachache tu waliopita kiasi cha mwanamume wa katikati, yule asiye na mazoezi maalum. Na mkono ndio mlango wa mieleka. Asiyeweza kushika hawezi kuangusha, na asiyeweza kujitoa katika mshiko amekwisha kukamatwa.

Huo ndio ushahidi wa upande wa wanaume, nao ni mzito.

Sasa mmoja wenu alete kigoda, kisicho kizito. Simama ukiutazama ukuta, vidole vya miguu vikiugusa. Rudi nyuma hatua mbili za kisigino kwa dole, yaani urefu wa nyayo zako mara mbili. Inama mpaka kichwa kiuguse ukuta na mgongo ulale kama meza. Mwenzako akuwekee kigoda chini ya kifua. Kishike, kiinue mpaka kifuani, kisha simama wima bila kusogeza miguu na bila kuusukuma ukuta. Wanawake walio wengi watasimama. Wanaume walio wengi watashindwa. Mimi nilijaribu mbele ya wanangu, nikabaki nimeganda ukutani kama mjusi mpaka mke wangu alipokuja kukiondoa kigoda.

Sababu si uchawi. Kila mwili una mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika, karibu na kitovu. Kwa wanawake mahali hapo huwa chini kidogo, kwa kuwa nyonga zao ni nzito zaidi na mabega mepesi. Tena unyayo wa mwanamume ni mrefu, basi hatua zake mbili humpeleka mbali zaidi na ukuta. Uzito ukiwa umepita mbele ya vidole vya miguu, mtu hawezi kusimama, hata awe na misuli ya fahali. Mtazameni vizuri mwanamume yule aliyeganda. Hakupungukiwa na nguvu. Zote anazo, ila hana mahali pa kuzikanyagia.

Hapo ndipo maarifa ya mieleka yanapofanya kazi. Maarifa hayashindani na nguvu ana kwa ana. Huiondolea nguvu uwanja wa kusimama. Mtu aliyeeleza jambo hili kwa hesabu nyepesi kuliko wote ni Jigoro Kano, Mjapani aliyeanzisha shule ya judo ya Kodokan huko Tokyo mwaka 1882, naye mwenyewe alikuwa mtu mdogo wa mwili. Tuseme, alieleza, mtu ana nguvu 10 nami nina 7. Akinisukuma nami nikamzuia, nitashindwa tu, maana 7 haiwezi kuizuia 10. Lakini nikirudi nyuma kwa kadiri ileile anayosukuma, huku nimesimama imara, atayumba mbele. Katika kuyumba kwake hana 10 tena, labda ana 3. Mimi bado nina 7 zangu, na nusu yake yatosha kumwangusha.

Tazama jinsi jambo hilo linavyotendeka. Mwanamume amsukuma mwanamke kifuani. Yeye hamzuii, amshika mkono wa nguo na ukosi, arudi kidogo, kisha kwa ghafula ageuka na kumwingilia ndani, mgongo wake ukielekea kifua cha mwanamume, magoti yamekunjwa, kiuno chake kikiwa chini kuliko kiuno cha mwenzake. Avuta mbele, anyosha magoti, na mwanamume apinduka juu ya nyonga kama gunia juu ya mtaimbo. Sasa irudieni ile alama yenu. Kilichomwinua mwanamume si mikono, ni miguu. Yaani si ile 52, bali ile 66. Mikono ilielekeza tu. Mwanamke aliyejenga mapaja na mgongo kwa kuinua vyuma, akajua mahali pa kuingiza nyonga, si mchezo hata kidogo, na mwanamume wa mtaani asiyejua kitu atajikuta akitazama dari.

Kweli wamejikuta. Mildred Burke, mwanamke wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1915, alikuwa mfupi, futi 5 na inchi 2, mwenye misuli mikavu iliyojaa. Katika miaka ya 1930 alizunguka na maonyesho ya mashambani, na mwanamume wa uzito usiozidi sana wake aliahidiwa fedha kama angeweza kumlaza chali kabla ya muda kwisha. Ilidaiwa kwamba alipambana na wanaume kama 200 akashindwa mara moja tu. Mwenye duka akisifu mali yake hatuchukui kila neno, lakini hapana shaka kwamba aliwashinda wengi. Angalieni masharti, hata hivyo. Uzito ulikaribiana. Mwanamume alitoka miongoni mwa watazamaji bila mafunzo, huku rafiki zake wakimpigia makelele, akawa na haraka ya kumaliza. Na mwenye haraka husukuma. Tena yeye ndiye aliyepaswa kumlaza mwanamke. Mwanamke alitakiwa tu asilazwe. Jaribu kumlaza mtoto asiyetaka kulala, utajua kazi ipi ni ngumu.

Lakini wanawake wa kikundi chetu wasishangilie mapema. Tumesema mwanamume asiyejua. Je, akiwa ajua?

Katika mwaka 1959 palikuwa na mashindano ya judo ya vyama vya YMCA vya jimbo la New York, katika mji wa Utica. Rena Glickman, msichana wa Brooklyn aliyezaliwa mwaka 1935, alikuwa akifanya mazoezi pamoja na wanaume. Tangu utoto alikuwa amejijengea misuli kwa vyuma vya kaka yake. Mwanamume mmoja wa timu yao aliumia, basi yeye akaingia mahali pake, nywele zimekatwa fupi, kifua kimefungwa kitambaa. Alimshinda mwanamume aliyepangiwa, na timu yao ikashinda. Wakati wa kutoa medali, msimamizi alimwuliza kama yeye ni mwanamke. Alikubali, na medali ikachukuliwa.

Mwanamume aliyeshindwa siku ile hakuwa mtu wa kutoka katika hadhira; alikuwa amefundishwa. Basi jambo hilo lilikuwaje? Rena alikuwa na vyote viwili, misuli mingi kuliko wanawake wengi, na maarifa yaliyokomazwa kwa kuangushwa na kuangusha wanaume kila siku. Mwaka 1962 alikwenda Kodokan kwenyewe, akaonekana kuwa amewazidi wanawake wa huko, akaruhusiwa kufanya mazoezi katika ukumbi mkuu wa wanaume, mwanamke wa kwanza kupata ruhusa hiyo. Baadaye aliolewa na mwanajudo Mjapani, akajulikana kwa jina la Rusty Kanokogi. Nguvu zilimfikisha karibu na wanaume, maarifa yakammalizia njia. Lingekosekana moja, asingefika.

Na pande zote mbili zikiwa na maarifa yaliyo sawa, uzito hurudi kudai haki yake. Hili halihusu wanawake tu. Kwa muda mrefu wapenzi wengi wa judo huko Japani waliamini kwamba ustadi hushinda ukubwa wowote. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964 palikuwa na shindano moja lisilo na mpaka wa uzito. Anton Geesink wa Uholanzi, mtu wa karibu mita 2, alimshika Akio Kaminaga wa Japani chini mpaka muda ukatimia, mbele ya watu wa kwao. Kaminaga alikuwa bingwa, tena si mtu mdogo. Lakini Geesink alikuwa mkubwa zaidi naye pia alikuwa anajua. Ndiyo maana wanamieleka na wanajudo hupimwa kwa mizani kabla ya kupangwa, na wanawake walipoingizwa kwa haki kamili katika Olimpiki, judo mwaka 1992 huko Barcelona na mieleka mwaka 2004 huko Athens, walipangwa wanawake kwa wanawake, kwa uzito.

Basi nimjibu yule baba. Bwana, mpeleke binti yako. Lakini kwanza nenda wewe ukatazame. Kama mwalimu huwafundisha wageni kuanguka kwa majuma mengi kabla ya kuangusha, ni mwalimu mwema; mkono huvunjika kwa kutojua kuanguka kuliko kwa kuangushwa. Kama humpanga msichana na mvulana wa uzito uliokaribia wake, ni vema, maana mvulana huyo atamzuia kwa kweli, wala hatajiangusha kwa heshima. Na kama humwambia msichana baada ya miezi mitatu kwamba sasa aweza kumwangusha mwanamume yeyote, mwondoe siku ileile. Maneno hayo ni ya hatari. Siku atakapokutana na mwovu mwenye kilo 90, akasimama kupigana naye badala ya kujinasua na kukimbia, ni yeye atakayeumia, si mwalimu. Kujinasua ni kazi nyingine na kuangusha ni kazi nyingine, na ya kujinasua yataka nguvu chache zaidi.

Hilo ndilo zoezi lenu la juma hili. Mume amshike mke kifundo cha mkono, akaze sawasawa, pasipo kuumizana. Kwanza mke avute moja kwa moja kuelekea kwake, ahesabu mara ngapi ametoka katika mara kumi. Kisha atazame mkono uliomshika: upande mmoja pana vidole vinne, upande wa pili pana kidole gumba peke yake, na kati yao pana mwanya. Augeuze mkono wake mpaka upande mwembamba wa kifundo uelekee kwenye mwanya huo, akunje kiwiko akikisogeza karibu na kiwiko cha mume, na kutoka kwa ghafula upande wa gumba. Mara kumi tena.

Mwisho, wafanye mara kumi za tatu, lakini sasa mume ajua mke atatokea wapi, na awe huru kuufuata mkono wake na kuushika upya. Andikeni hesabu zote tatu katika barua, mke aandike na mume atie sahihi, msije mkaniletea tena majibu mawili. Juma lijalo tutazisoma hewani. Kwaherini.