Nadharia za Maendeleo na Biashara ya Kimataifa: Mfano wa Alizeti ya Singida

Mtahiniwa anayejua majina ya nadharia zote lakini hajui zinabishania nini huandika kurasa tatu na kuambulia alama chache. Katika sura hii tutatumia zao moja, alizeti, na mkoa mmoja, Singida, ili uone nadharia hizo zikivutana juu ya gunia lilelile. Ikiwa karo yako ililipwa kwa alizeti, utaelewa haraka zaidi.

Singida ipo katika uwanda wa kati wa Tanzania. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miaka mingine hukatika mapema. Alizeti huvumilia ukame kuliko mahindi, ndiyo maana wakulima wa Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni wameikumbatia kama zao la biashara. Mbegu hukamuliwa katika mashine ndogo na viwanda vya mkoani, mafuta huuzwa, na mashudu hulishwa mifugo. Hata hivyo, mafuta ya kula yanayozalishwa nchini hayatoshi. Sehemu kubwa ya pengo huzibwa na mafuta ya mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia na kushushwa bandarini Dar es Salaam. Swali letu ni hili: kuyaagiza mafuta hayo kunatujenga au kunatubomoa?

Jibu la Ricardo

Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alisema nchi inufaike kwa kununua nje kile ambacho wengine hukitengeneza kwa gharama ndogo zaidi. David Ricardo, mwaka 1817, alikwenda mbele zaidi: hata nchi iliyo hodari katika kila kitu hunufaika kwa kubadilishana na nchi dhaifu. Mfano wake ni huu. Uingereza ilihitaji watu 100 kwa mwaka kutengeneza kiasi fulani cha nguo, na watu 120 kutengeneza kiasi fulani cha mvinyo. Ureno ilihitaji watu 90 kwa nguo na 80 kwa mvinyo. Ureno inaishinda Uingereza katika yote mawili.

Sasa zibadilishane, nguo kwa mvinyo. Uingereza inatumia watu 100 kutengeneza nguo na kupata mvinyo ambao ungeigharimu watu 120. Imeokoa kazi ya watu 20. Ureno inatumia watu 80 kutengeneza mvinyo na kupata nguo ambazo zingeigharimu watu 90. Imeokoa kazi ya watu 10. Hii ndiyo faida linganishi. Rudia hesabu hiyo kwa mkono wako mpaka uiweze bila kutazama, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo wengi hukariri maneno bila kuielewa.

Mchikichi hutoa mafuta mara kadhaa zaidi ya alizeti kwa kila hekta, na Malaysia ina mvua karibu mwaka mzima. Anayemfuata Ricardo harakaharaka atasema tuache kukamua, tununue. Lakini uliza kwanza: mkulima wa Ikungi akiacha alizeti atafanya nini? Gharama mbadala ya alizeti ni kile anachokikosa kwa kuilima, na katika ardhi hiyo kavu machaguo yake ni machache: mtama, uwele, dengu, mifugo. Isitoshe, Ricardo alichukulia kwamba mfanyakazi huhama kutoka kazi moja kwenda nyingine bila shida. Mwenye ekari nne na mkopo wa mbegu hahamii kiwandani Dar es Salaam kwa msimu mmoja. Hapo ndipo nadharia hii inapopwaya, na hapo ndipo jibu lako linapoweza kuzidi la jirani yako.

Ushuru: nani anapata, nani analipa

Katika bajeti ya mwaka 2018/19 serikali ilipandisha ushuru wa forodha hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi ya kula yanayotoka nje na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa. Viwango vimebadilishwa tena baada ya hapo, kwa hiyo usivikariri kama amri za Mungu. Kariri jinsi ushuru unavyofanya kazi.

Chukua namba za kubuni. Lita ya mafuta ya nje inafika bandarini kwa shilingi 4,000. Ushuru wa asilimia 25 unaongeza shilingi 1,000, na bei inakuwa shilingi 5,000. Mwenye mashine ya kukamulia Singida, ambaye hakuweza kushindana kwa bei ya 4,000, sasa anaweza. Anahitaji mbegu nyingi zaidi, hivyo anamwongezea mkulima bei ya gunia. Serikali nayo inapata mapato kwa kila lita iliyopita forodhani. Fedha hizo zimetoka wapi? Kwa mama lishe wa Manyoni na kwa kila anayenunua mafuta ya kupimiwa kwenye chupa ndogo dukani. Ushuru ukishushwa, mambo hugeuka: chapati inakuwa nafuu, na gunia la alizeti linakosa mnunuzi.

Anayetetea ushuru hutumia hoja ya viwanda vichanga: kiwanda kipya kinahitaji kukingwa kwa muda hadi kijifunze kazi. Neno lenye uzito hapo ni “kwa muda”. Kiwanda kinachokingwa bila kikomo, na mkulima asiyepata mbegu bora, hawatapunguza gharama hata ushuru ufike asilimia 100.

Wanajamii wanaona nini?

Nadharia ya usasa inawakilishwa na Walt Rostow, aliyetaja hatua tano za ukuaji mwaka 1960: jamii ya kimapokeo, maandalizi ya kuruka, kuruka, kuelekea ukomavu, na matumizi makubwa ya umma. Kwa mtazamo huo Singida imechelewa tu njiani. Iletewe trekta, barabara na elimu, itafika. Nadharia hii ni rahisi kuikumbuka, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote, maana haiulizi kwa nini wengine walitangulia.

Nadharia ya utegemezi inauliza. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1972 kitabu kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Itazame Singida kwa jicho lake. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ikipita Manyoni na Itigi. Ilielekezwa bandarini, mazao yatoke na bidhaa ziingie. Wanaume wa Kinyaturu na Kinyiramba walikwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge Tanga, huku mashamba ya nyumbani yakiachiwa wanawake na wazee. Kwa Rodney, umaskini huo ulitengenezwa na biashara yenyewe.

Karibu na hoja hiyo ni ile ya Raúl Prebisch na Hans Singer, waliosema kuanzia miaka ya 1949 na 1950 kwamba bei za malighafi huelekea kushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Mwalimu Nyerere alipenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa katani na trekta: mwaka hadi mwaka, trekta lilelile lilidai katani nyingi zaidi.

Lakini usiishie hapo. Malaysia nayo ilikuwa koloni la Uingereza hadi mwaka 1957, ikiuza mpira na bati. Mchikichi wenyewe asili yake ni Afrika Magharibi. Malaysia ilipanda, ikatafiti, na ikatoza kodi mafuta ghafi yanayouzwa nje ili yasafishwe nyumbani. Mtetezi wa utegemezi anapaswa kuueleza mfano huo, nawe ukiutaja utamwonyesha msahihishaji kwamba unapima hoja.

Ukosefu wa usawa hauko kati ya mataifa peke yake. Nenda soko la vitunguu la Misuna, mjini Singida. Mnunuzi anataka lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, lakini mkulima mwenye vitunguu vinavyoanza kuoza hana muda wa kubishana. Mchumi ataona bei. Mwanajamii ataona nani ana nguvu ya kusubiri.

Mwaka 2022 uliyaonyesha yote haya kwa mkupuo. Urusi iliivamia Ukraine mwezi Februari, na nchi hizo mbili ni wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti duniani. Kisha Indonesia ikazuia kuuza mafuta ya mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei. Bei ikapanda hadi jikoni kwetu.

Swali la kujipima

“Serikali iondoe ushuru wote wa mafuta ya kula yanayotoka nje.” Jadili kauli hii kwa kutumia nadharia mbili na mfano kutoka Tanzania. (Alama 15)

Kabla ya kuandika, chora mistari minne kwenye karatasi ya rafu: mkulima, mwenye kiwanda, mlaji, serikali. Mbele ya kila mmoja andika anachopata na anachopoteza ushuru ukiondolewa. Kisha chagua nadharia mbili zinazotofautiana kweli. Smith na Ricardo pamoja hazitakupa mjadala.