Uzi wa Ubongo Uvuliwapo Utando Wake

Leo twapenda kueleza habari za ugonjwa wa ubongo usioonekana kwa macho, hata jirani humdhania mgonjwa kuwa ni mvivu, au kwamba amerogwa. Madaktari huuita maltipoli sklerosisi, maana yake makovu mengi magumu. Mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, daktari Jean-Martin Charcot alizilinganisha dalili za wagonjwa walipokuwa hai na hali ya bongo zao walipokwisha kufa. Akayaona makovu hayo, akayaeleza wazi.

Na tuanze na mtu mwenye afya. Ubongo hupeleka amri zake kwa nyuzi nyembamba mno, mfano wa waya za simu. Waya huvikwa mpira. Nyuzi nyingi za ubongo nazo huvikwa utando wa mafuta uitwao mayelini, ili habari zipite upesi.

Tena mwili una askari wake, ndio chembe za kinga, wapiganao na vijidudu vya maradhi. Katika ugonjwa huu askari hao huushambulia utando wa nyuzi. Hapo habari huchelewa, au hukoma njiani: jicho moja laona ukungu, mguu wafa ganzi, mwendo wayumba. Mara nyingi, baada ya majuma kadha, mgonjwa hupata nafuu akadhani amepona.

Lakini tuangalie yatendekayo ndani. Kila uzi una meko yake madogo mno, yaitwayo mitokondria, ambamo chakula na hewa ya oksijeni hugeuzwa kuwa nguvu. Kama moto utoavyo moshi, meko haya hutoa sumu kidogo, na chembe yenye afya huiondoa. Penye vita, askari wa kinga nao humwaga sumu ya namna hiyo. Sumu ikazidi, meko yakaharibika. Na uzi uliovuliwa utando wahitaji nguvu nyingi kuliko kwanza, ili kuitoa nje chumvi iingiayo. Haja yaongezeka, nguvu zapungua. Chumvi hujaa ndani, kisha kalisiamu huingia kupita kiasi, na uzi hukatika.

Kwa miaka mingi wataalamu walitazama zaidi hasara ya utando. Mwaka 1998 Bruce Trapp na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwa darubini kali ya kuonea vitu vidogo kuwa nyuzi zenyewe hukatika, hata kwa watu waliougua muda mfupi. Jambo hili ni kubwa, kwa kuwa utando waweza kutengenezwa tena kwa kiasi, bali uzi wa ubongo uliokatika hauungi.

Dawa ya kuuondoa kabisa ugonjwa huu haijapatikana. Lakini tangu mwaka 1993 zimetolewa dawa za kuwatuliza askari hao na kupunguza mashambulio yao, nazo hufaa zaidi zikianzwa mapema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hajapatikana fundi wa kuujenga upya.

Basi mtu akipatwa na dalili tulizozitaja, nafuu isimdanganye. Na aende hospitali apimwe, kwani dalili hizo huweza kuletwa na maradhi mengine pia. Nasi tulio jirani zake tusimwite mvivu wala tusimkimbie: ugonjwa huu hauambukizi.